Mbili Haina Saba

(Hotuba niliyoitoa kwa walimu wanaohitimu, hapa Tabora. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu. Salamu za itifaki nimeziacha, maana zilikula dakika kumi na mbili, na yale niliyoyasema nje ya karatasi nimeyarudisha kadiri nilivyoyakumbuka.)

Mwangaluka!

Naona mmeitika nusu. Nusu nyingine mmetoka Kagera, Mbeya, Pwani, na mnatazamana. Hilo liwe somo kabla sijafungua karatasi. Wapo kati yenu watakaopangiwa Kaliua, Sikonge au Urambo, na mtoto wa darasa la awali atakuamkia hivyo kwa Kinyamwezi, lugha ambayo hukuisomea hapa chuoni. Ukiitika vizuri, siku imeanza. Ukikodoa macho, ameshakuweka kwenye kundi la wageni.

Nimeombwa niseme juu ya shule ya miaka ijayo. Nilishangaa kidogo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sitini na sita, na simu yangu kubwa wanaiwasha wajukuu. Nikamuuliza mkuu wa chuo, kwa nini msimwite kijana wa kompyuta? Akasema, "Mama, kijana wa kompyuta atatuambia kitakachokuja. Wewe tuambie kilichowahi kuja kikatukuta hatujajiandaa." Basi nimekuja na hiyo.

Nianze na hesabu za watu. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huu una watu takriban milioni 2.3. Sensa ya 2022 ikatukuta takriban milioni 3.4. Yaani ndani ya miaka kumi tumeongezeka zaidi ya milioni moja. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya sensa, Agosti 2022, atakaa mbele yako darasa la kwanza mwaka 2028 au 2029. Ameshazaliwa, ana jina, anakimbiza kuku huko Uyui sasa hivi. Anayetaka kuijua shule ya kesho asianze na roboti, aanze na huyo anayekimbiza kuku.

Na kuna jambo lililo karibu zaidi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne watamaliza darasa la saba, mwaka huohuo 2027. Madarasa mawili yatafika kwenye mlango mmoja wa kidato cha kwanza Januari 2028. Baadhi yenu mtakuwa mmesimama kwenye mlango huo. Sina la kuwashauri hapo zaidi ya kuwaambia mnunue viatu vizuri.

Sasa, ukiwa na watoto mia moja na kumi na mbili na mikono miwili, lazima utatafuta msaidizi. Na msaidizi anayetangazwa siku hizi ni mashine. Wengine wanaiita akili bandia, wengine akili unde, wengine akili mnemba. Wenye lugha yao wakimaliza kubishana watatuambia. Mimi nasema akili mnemba kwa sababu ndivyo wanavyosema nyumbani kwangu.

Ila huyu si msaidizi wa kwanza kuahidiwa. Mwaka 1974, mkutano wa TANU kule Musoma uliamua kwamba ifikapo mwisho wa 1977 kila mtoto wa umri wa shule ya msingi awe ameingia shuleni. Madarasa wananchi waliyajenga. Walimu je? Hawakuwapo. Serikali ikafanya jambo ambalo leo mngesema ni kichaa: ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa chaki, ikawaambia mtasomea ualimu hukohuko mnakofundisha. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Asubuhi nafundisha darasa la kwanza chini ya mwembe, mchana nasoma masomo yaliyokuja kwa posta, jioni naitegea redio. Siku moja moja anapita mkufunzi na baiskeli kunitazama nikifundisha. Mpango ule uliitwa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Watu wakatutania: UPE, Ualimu Pasipo Elimu. Tulicheka nao, tungefanyaje.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema elimu ya masafa ni jambo la kesho, najikuna kichwa. Sisi tulikuwa makumi ya maelfu, na tulisomeshwa ualimu kwa bahasha na betri za redio kabla ya mwaka 1980.

Na nakumbuka nilipata wapi nini. Bahasha zilinifundisha saikolojia ya mtoto. Niulizeni hata ukurasa mmoja, sina. Lakini yule mkufunzi wa baiskeli alikaa nyuma ya darasa langu siku moja, kimya, kofia mapajani. Nilipomaliza akaniita pembeni akasema, "Umeuliza maswali kumi na manne. Yote umeyajibu mwenyewe." Akapanda baiskeli akaondoka. Hilo nimezeeka nalo.

Redio ilikuwa na siku zake kubwa pia. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima karibu milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza vipindi vya afya: maji, malaria, vyoo. Wanaosimulia kampeni ile huisifu redio, na inastahili. Wanachosahau ni kwamba nyuma ya redio kulikuwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo kwanza. Kijijini kwetu kiongozi alikuwa mzee mmoja mlina asali. Kipindi kikiisha anaizima redio, anaiweka chini taratibu kama anayelaza mtoto, halafu anawazungusha macho watu wote waliokaa. "Haya. Choo cha nani bado?" Hapo ndipo majembe yalipotoka. Dar es Salaam hawakujua choo cha nani bado. Mzee alijua.

Niwape mfano wa karibu zaidi, na huu ni wa hapahapa nchini, ingawa walimu wengi niliowauliza hawajausikia. Kuanzia mwishoni mwa 2017 vilipelekwa vishikwambi katika vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga. Lilikuwa shindano la kimataifa, Global Learning XPRIZE, lenye zawadi ya dola milioni 10. Washindani walitakiwa kutengeneza programu ambayo ingemfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu. Watoto walikuwa karibu 3,000, wa miaka saba mpaka kumi na moja hivi, wengi hawajawahi kukanyaga shule. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua, na kila kijiji kilikuwa na mtu wa kuvitunza. Mwanzoni watoto tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi kumi na mitano, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 programu mbili ziligawana zawadi.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilikasirika. Bila mwalimu! Nikaona kama nimesukumwa kwenye kiti. Nikayasoma tena usiku, nikaona aibu. Mtoto ambaye hakuna mtu aliyekuwa akimfundisha chochote, leo anasoma neno "mama", anasoma "maji", na mimi nanuna kwa sababu hakufundishwa na mtu mwenye cheti? Wale watoto walikuwa hawachagui kati ya kishikwambi na mwalimu. Walikuwa wanachagua kati ya kishikwambi na kuchunga mbuzi.

Mara ya tatu nikaanza kuifikiria ile nusu nyingine. Hao waliokaa na mashine ileile, jua lilelile, miezi ileile kumi na mitano, wakabaki hawasomi. Ni akina nani? Mmoja haoni vizuri. Mmoja kaka yake anamnyang'anya. Mmoja yupo, anabonyeza, anacheka, anapata picha za kupendeza, na hakuna kinachoingia. Nina hakika kwamba kazi yenu ya miaka arobaini ijayo iko kwenye nusu hiyo.

Msidhani nawadharau watengeneza mashine. Wana hoja nzito. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika juu ya wanafunzi waliofundishwa kila mmoja na mwalimu wake. Mwanafunzi wa wastani kati ya hao aliwapita wanafunzi 98 katika kila 100 waliofundishwa darasani kwa kawaida. Tafiti zilizofuata hazikupata pengo kubwa namna hiyo, lakini pengo lipo, na mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha mtoto wake mwenyewe jikoni analijua. Shida ni kwamba hakuna nchi inayoweza kumwajiria kila mtoto mwalimu wake. Hiyo ndiyo ahadi ya akili mnemba: mwalimu mmoja kwa kila mtoto, asiyechoka, asiyekwenda kufuata mshahara mjini.

Sasa niwaonyeshe ninachokijua mimi juu ya mwalimu mmoja na mtoto mmoja.

Ilikuwa miaka michache baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Watoto walimiminika. Nilikuwa na darasa la tatu, watoto 112, madawati hayafiki thelathini. Tulikuwa tunafanya hesabu za kutoa. Nimeandika ubaoni 52 kutoa 27. Nikapita kusahihisha. Mtoto mmoja wa kike, anaandikia gotini, ameandika 35. Nikampiga mkasi. Hesabu ya pili, kosa. Ya tatu, kosa. Ya nne, 48 kutoa 15, amepata. Nikampa tiki moja, nikasogea kwa mwingine. Kesho yake hivyohivyo. Wiki nzima hivyohivyo. Kwenye kitabu changu nikaandika: mzito.

Siku ya ijumaa nilikuwa zamu, nikamkuta amekaa peke yake chini ya mwembe anasubiri mdogo wake. Sikuwa na la kufanya. Nikamwambia, "Hebu nifanyie ile ya jana, ila uwe unaniambia unachofanya." Akachora mchangani 52, chini yake 27. Akaweka kidole kwenye 2. "Mwalimu, mbili haina saba." Nikasema ndiyo. "Kwa hiyo natoa kwa mwenye nazo." Akahamisha kidole kwenda kwenye 7 ya chini, akatoa mbili, akaandika tano. Halafu tano kutoa mbili, tatu. Thelathini na tano.

Kutoa kwa mwenye nazo! Mtoto alikuwa na sheria yake, ameitunga mwenyewe, na anaifuata kwa uaminifu kuliko mimi nilivyofuata andalio langu la somo. Mimi niliyemwandika mzito ndiye nilikuwa mzito. Nilikuwa nimempiga mikasi kama ishirini bila kumuuliza hata mara moja amefikaje.

Nikachukua vijiti vya kuhesabia, nikafunga mafungu matano ya kumikumi kwa kamba ya gome, nikaweka na viwili pembeni. Nikasema, "Mimi nakudai, nilipe ishirini na saba." Akanipa mafungu mawili. Akabaki anavitazama vile vijiti viwili. Akanitazama. Akavitazama tena. Nikafunga mdomo, na wallahi ilikuwa kazi. Mkono wake ukaenda kwenye fungu moja, ukarudi. Ukaenda tena. Akalifungua lile fundo kwa meno.

Hakusema kitu. Alinihesabia saba, akabaki na mafungu mawili na vijiti vitano, akavihesabu mara mbili. Kisha akafuta ile 35 mchangani kwa kisigino.

Hadithi hii nilimsimulia mwanangu, ambaye ni fundi wa mambo ya kompyuta, nikitaka kumwonyesha kwamba mashine haiwezi. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Mama, hilo kosa ni maarufu duniani kote. Programu nzuri inaligundua kwa hesabu tatu." Nikanyamaza. Kuna siku mtoto uliyemzaa anakupiga kumbo la haki.

Nikalala nalo. Asubuhi nikaona nimepewa zawadi. Kama kweli programu ingeniambia Jumatatu asubuhi, "Mwalimu, kati ya watoto wako 112, kumi na saba wanatoa kwa mwenye nazo, na majina yao ni haya," ningeibusu. Ningewaita wale kumi na saba chini ya mwembe na vijiti vyangu, na yule binti asingekula mikasi wiki nzima. Daftari 112 mara hesabu tano ni hesabu 560 za kusahihisha kila siku, na mimi nilisahihisha kwa miaka zaidi ya arobaini. Mashine na izichukue. Na ichukue rejista, ichukue azimio la kazi, ichukue zile taarifa tunazojaza mara tatu kwa ofisi tatu. Sitalia hata kidogo.

Ila angalieni kitu kimoja. Muda utakaookolewa utakuwa wa nani? Nimeona mashine nyingi zikiingia shuleni, na kila iliyopunguza kazi moja ilikuja na fomu mbili za kujaza. Mkiwa wakuu wa shule, na maafisa elimu kata, na wadhibiti ubora, maana mtakuwa, ulindeni muda huo kama mnavyolinda chakula cha watoto.

Na kuna mambo ambayo mashine itayaona ila haitayaelewa. Itaandika: mtoto huyu hakuhudhuria siku sita. Sawa. Mwalimu wa Urambo atatazama kalenda na kuona ni msimu wa kukausha tumbaku. Moto wa bani, banda la kukaushia, hauachwi uzimike, usiku na mchana, kwa siku kadhaa. Baba amelala kidogo, nani anachochea kuni? Ukimpelekea mzazi huyo barua ya utoro umepoteza karatasi. Ukimfuata banini jioni, ukakaa, ukala michembe, mkapanga zamu ambayo haimgusi mtoto, umempata mwanafunzi. Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi 17, masomo yalirushwa kwenye runinga na redio. Mimi nilikuwa nina mwaka mmoja tangu nistaafu, niko kijijini. Watoto waliosoma mpaka shule zilipofunguliwa Juni 29 ni wale ambao mtu mzima fulani alipita na kuuliza wamefika wapi.

Nije kwenye sekondari, ambako moshi umeshaanza. Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Alipewa kazi ya kuandika juu ya Mtemi Mirambo. Dakika kumi, amemaliza. Insha ya Kiingereza, imenyooka kama reli, inaanza na Stanley aliyemfananisha Mirambo na Napoleon, inamalizia na kifo chake mwaka 1884. Nikaipenda. Nikamuuliza, "Mirambo alifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Kwa nini iliwauma sana Waarabu wa hapa mjini?" Akaitazama simu. Nikasema, simu iache. Akatazama dari. Mtoto huyu anapita kila siku chini ya miembe ya mji ambao uliishi kwa misafara ya pembe za ndovu, na insha yake inajua hilo, yeye hajui.

Sikumgombeza. Insha ya kuandikia nyumbani imekufa, tusipoteze miaka kumi kuikalia matanga. Kitakachobaki ni kumsikia mwanafunzi akisema kwa mdomo wake, akiulizwa, akibanwa, akijitetea. Wazee wetu walifanya hivyo penye shikome, moto wa jioni, kijana anatupiwa swali na hana pa kuchungulia. Lakini pigeni hesabu. Wanafunzi mia, kila mmoja dakika tano, ni dakika mia tano. Saa nane na dakika ishirini, kwa somo moja, kwa swali moja. Mnaona kwa nini nasema muda wa kusahihisha ukiokolewa usiibiwe?

Baada ya hapo, kwa utundu, niliiambia ile simu inipe kwa Kinyamwezi: mtoto hajala tangu jana. Ikajibu palepale, bila haya, kwa maneno ambayo mimi niliyezaliwa Unyamwezi sijapata kuyasikia. Kwa Kiingereza ni profesa, kwa Kiswahili ni mwalimu mzuri anayetoka nchi jirani, kwa Kinyamwezi ni mlevi. Imesoma kilichoandikwa, na sisi tuliandika kidogo. Kati yenu wapo watakaofundisha darasa la awali huko ndani. Mnayoyasikia kwa watoto na bibi zao, vitendawili, majina ya ndege, majina ya nyuki, yaandikeni.

Kwenye lugha, hata hivyo, nina matumaini kuliko mahali pengine popote. Mtoto wa Tabora anajua tangu akiwa na miaka saba kwamba mti mrefu unanyanyua gogo ambalo mti mfupi hauliwezi. Anafika kidato cha kwanza, jambo hilohilo linaandikwa ubaoni kwa Kiingereza, ananyamaza miaka minne. Tumelijadili suala hili tangu nikiwa msichana, na sitegemei kuliona likiisha. Lakini sasa mtoto huyo anaweza kuuliza kwa Kiswahili saa mbili usiku na akajibiwa kwa Kiswahili, mara ya kwanza, mara ya tano, bila kuchekwa na darasa. Shule zetu zinazonyang'anya simu getini zina sababu zake, nazijua zote, nilizinyang'anya mwenyewe. Fikirieni tu ni mlango gani mwingine mnaoufunga.

Kuhusu mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono, nitasema kidogo kwa sababu wengi wanausifu na mimi nimechoma vidole. Mji huu ulimsomesha Nyerere, aliyeingia shule ya serikali hapa mwaka 1937, kisha ukamrudisha kama mwalimu pale St. Mary's. Mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea, na tukalima kwelikweli. Baada ya muda, shamba la shule likawa mahali pa kumpeleka mchelewaji. Mtoto akakua akiamini jembe ni adhabu. Sasa tunarudi tena kwenye kazi za mikono, na tuna bahati ya kuwa na chuo cha nyuki hapahapa mkoani. Mizinga ikiletwa shuleni kwenu, nawaomba asiwepo mwanafunzi hata mmoja atakayetumwa kwenye nyuki kwa sababu hakuchomekea shati.

Naona mkuu wa chuo anaangalia saa, na mimi nimekaribia.

Kwenye viti vyenu mmekuta kikaratasi. Nilikikata kutoka kwenye daftari la zamani, nikawatolea nakala. Kina hesabu tatu za watoto watatu, zote za kweli. Mtoto wa kwanza aliambiwa aandike mia moja na tano, akaandika 1005. Huyo mtamweza, msikilizeni tu anavyolitamka. Mtoto wa pili alijumlisha nusu na theluthi, akapata mbili ya tano. Huyo ni jamaa wa yule binti wa mwembe, naye ana sheria yake.

Wa tatu aliandika 47 kujumlisha 6 ni 17. Msije kuniambia amekosea, hilo nimelijua tangu mwaka 1988. Nataka mniambie alifanya nini, na mngemuuliza swali gani la kwanza. Nitakuwa pale kwenye kivuli mpaka chakula kiishe.